Bunduki ya Kutwangia Sombe

Kahindo, mwipwa wangu mupenzi,

Butembo inakusalimia. Mvua inanyesha tangu asubuhi, tope imekamata barabara, bamotari banapita na pikipiki zao miguu juu kama kuku mwenye anavuka mutoni. Mimi niko ndani ya atelier yangu ya mbao, randa imelala, nimekaa juu ya kiti chenye nilifanya na mikono yangu (unakijua, kile hakiyumbi hata shetani akikikalia), nakuandikia. Wewe uko kule Kampala na masomo yako. Kwa telefone maneno inakatika-katika, na mama yako akishika ile telefone anakuambia tu "tuko muzuri, kula vizuri, sali". Hatakuambia mambo ya siku ile alipoondoka hapa kwangu. Donc mimi njo nimekamata bic.

Na nakuandikia wazi, kila mutu asome. Mwalimu asome, bamotari basome, hata ule jirani mwenye alisema eti tunacheza mambo ya mashetani, naye asome, kama anajua. Shukrani ya kuficha ni kama nyama ya kuficha: haikawii kunuka.

Usiangalie makosa ya kuandika. Unajua mujomba wako hakumaliza shule. Siyo mimi nilishindwa. Balimu baliona nitabapita, bakaogopa.

Unakumbuka siku ulifungua ule mufuko wako juu ya meza yangu? Tulitoka misa ya Yubile ya abbé, padri wetu, tumbo imejaa. Ukatoa makaratasi ya fotokopi, na kale ka dé, kete ya kutupa ya pembe ishirini, kalikuwa kanameta kama jino ya mamba. Nikakuuliza, "Mwipwa, hii ni dawa ya nini?"

"Siyo dawa, mujomba. Ni mucheza. Kila mutu anajifanya mutu mwingine. Mimi nawaambia muko wapi na kitu gani kinakuja. Nyinyi munaniambia munafanya nini. Kisha dé njo inasema kama mumeweza ao mumeshindwa."

"Kujifanya mutu mwingine? Mais hiyo kazi nimeifanya maisha yangu yote, bila karatasi!"

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Wafaransa banaita jeu de rôle. Mimi naita kusema bongo, uongo yenye iko na sheria. Na kusema ukweli mbele ya Mungu, nilifurahi sana kusikia kama hiyo kitu ipo duniani na batu banasoma ju yake.

Tulikuwa batu kidogo. Wewe mwenye kuendesha hadithi. Mimi. Kambale motari, na ile moto yake, pikipiki yenye kukohoa. Na Mwalimu, mwenye serikali ilimutoa Kasai ikamutupa huku, mupangaji wangu wa nyumba ya nyuma, mutu wa Mungu lakini amefunga sheria kwa kichwa kama kofia. Yeye alijifanya mupadri mwenye kuponyesha. Kambale alijifanya mwizi, akasema hapo hatachoka kujifunza. Mimi nilijifanya Général Radi, jemadari wa majemadari, mwenye mitrailleuse, bunduki ya masasi mingi, mukononi na masharubu mbili, moja ya kazi na moja ya sikukuu.

Na mama yako alikuwa mu jikoni. Hakukuja. Tangu alipofika toka Beni hakuwa anakuja fasi yoyote yenye batu banacheka. Mimi ni kaka yake mukubwa, yeye ananiita yaya, na nilimujua mutoto mwenye mudomo kama redio. Kisha risasi ilimukuta baba yako kwa shamba, na mama yako akafika hapa kwangu na kitenge kimoja, na mutwangio, ule muti wa kutwangia sombe ya majani ya muhogo, na wewe. Akapika, akafagia, akatwanga. Akisema, anasema "chakula iko tayari". Moto ikikohoa kule barabarani, alikuwa analala chini, hapo hapo, hata kama kuna matope. Kambale aliona vile mara moja tu. Tangu pale alikuwa anazima moto kule mbali kwa njia kubwa, anaisukuma na mikono mpaka kwa lupango, hapa mu uwanja wa nyumba. Hakuna mutu alimuomba.

Eh bien, ile siku ya kwanza ya mucheza, adui bakatoka kwa pori ya mu karatasi yako. Ukaniuliza, "Général, unafanya nini?" Mimi nikasimama. Nikapiga meza na mikono yote mbili: "Ta-ta-ta-ta-ta-ta!" Nilifanya muzuri sana, unajua sauti yangu, batu ba ngambo balisikia.

Sufuria ikaanguka mu jikoni.

Unakumbuka vile tulimukuta. Chini ya meza ya mboga, mikono juu ya kichwa, sombe imemumwangikia mugongoni. Wewe ukaingia kule chini pamoja naye, na nguo yako ya misa. Mwalimu akatoka inje. Kambale akaangalia viatu vyake. Nikawaza: basi, mucheza umekufa, na mimi njo nimeuua na mudomo.

Mais weye! Siku ya Mungu, Jumapili yenye ilifuata, ukapanga tena makaratasi yako. Ukasema kwa sauti ya juu, ili mwenye kuwa jikoni asikie vizuri: "Kuanzia leo, mu inchi yetu masasi ya bunduki iliisha. Iliisha yote, kwa bote, kwa bazuri na kwa babaya. Bunduki zimebaki. Mwenye anataka kupigana nayo, apige nayo kama muti."

Kahindo, batu bakubwa bamejaribu kutoa masasi mu hii inchi, bamekaa mu mahoteli, bamekunywa maji ya chupa, bamerudia kwao. Weye ulitoa zote juu ya meza yangu, kabla maharagi iive.

Mwalimu naye, kama kawaida, akanyoosha kidole. "Selon le règlement, sheria inasema, bunduki siyo fimbo. Mwenye anapiga na kitu chenye hakikutengenezwa kwa kupiga, anapunguziwa alama."

"Mwalimu," nikamuambia, "kule kwenu Kasai munapiga adui na règlement?"

"Mimi nasema yenye imeandikwa."

"Na mimi nasema yenye iko na uzito!"

Siku ile tulibishana mpaka chai ikapoa. Nakumbuka yote, ju mimi njo nilileta akili. Ukaamua vile: bunduki murefu, yenye kitako cha muti, inashikwa na mikono mbili, inapewa dé ya pembe sita ya kuhesabu uzito wa pigo. Bastola inashikwa kwa mudomo wake, fasi ya kutokea masasi, inapiga kama marteau ya musumari, dé ya pembe ine. Ikiwa na kisu kule mbele? Mwalimu akauliza. Ukasema, "Hiyo ni mukuki, Mwalimu. Tutaihesabu kama mukuki." Kambale akauliza kama anaweza kurusha bunduki mutu wa mbali. Ukasema ndiyo, lakini kisha yeye mwenyewe aende kuiokota, katikati ya adui. Kambale akaacha. Na mimi, kama menuisier, fundi wa mbao, nikaongeza kama kitako cha libuyu hakiwezi kupiga sawa na kitako cha eucalyptus, kila muti uko na hasira yake. Ukaandika. Ukaongeza sheria ya mwisho, ile yenye sitasahau: mutu akitupa ile dé kubwa ya pembe ishirini, ikaangukia kwa moja, kitako kinapasuka, bunduki inakuwa kuni.

Tuongee sasa ya ile dé. Ya kwako, yenye kumeta, ilianguka kwa lupango, kuku akaimeza. Mwalimu anasema ilipotea mu majani. Kuku aliimeza, na mayai yake tangu ile siku yalikuwa na pembe, kila mwenye alikula atashuhudia. Mimi nikasema, "Mwipwa, usilie, mujomba wako yuko." Nikakamata eucalyptus, nikachonga dé mupya, kubwa kama kitunguu, pembe ishirini zote, namba nikachoma na musumari wa moto. Kazi ya musanii! Tena Mwalimu akaitupa, akaitupa, akaitupa, akakunja uso: "Hii dé inapenda kuangukia kwa moja. Muti ulikuwa mubichi. Ukikauka, unajikunja." Wewe ukaangalia dé, ukaniangalia mimi, ukasema, "Tutaitumikisha ile ile. Mujomba aliichonga." Ulifikiri sikuona. Niliona. Na leo nasema mbele ya bote: ule ubichi niliuacha kwa makusudi.

Sasa siku ya daraja. Nataka kuirudilia hapa polepole, ju wewe ulikuwa umeishika hadithi na hukuweza kuona sura ya kila mutu.

Général Radi alikuwa anachunga daraja, na nyuma yake kijiji kizima kinakimbia. Mbele, ule adui mukubwa mwenye magamba. Mama yako alikuwa kule kwa mulango wa jikoni, anatwanga sombe: tu, tu, tu. Ukaniuliza napiga vipi. Nikasema nashika bunduki kwa mwisho kabisa ya mudomo, naizungusha kama shoka, na nikaomba dé kubwa kuliko ya sheria, ju mimi hiyo kazi nimeifanya mu maisha ya kweli.

"Mu maisha ya kweli, wapi?" Kambale akauliza. Anajua. Anapenda tu kunifungulia mulango.

Nikawapa ile hadithi ya Kanyabayonga. Vile camion, lori ya viazi ya Masereka, ilisimama, ju nyati alikuwa katikati ya barabara, mukubwa kama chapelle ya parokia. Vile bunduki ya ule soda, askari wa kutusindikiza, ilikataa kulia. Vile nilimuomba kwa heshima, "Chef, unipatie kidogo," nikaigeuza, nikapiga ule nyati hapa, kwa paji. "Nyati akakaa chini," nikasema. "Akatuangalia. Akaomba pardon."

"Kwa Kifaransa?" Kambale akauliza.

"Kwa Kinande! Nyati ya kule ni batu ba kwetu."

Ile tu, tu, tu ikanyamaza.

"Ilikuwa mbuzi," mama yako akasema.

Ilikuwa siku mingi hatujasikia ile sauti ikisema kitu chenye hakiko chakula.

Nikasema pole pole, kama mutu mwenye ndege imekuja kukaa kwa mukono wake, "Mbuzi mukubwa."

"Mbuzi ya mama mukwe wako. Na haikuomba pardon. Ilikula kofia yako." Kisha akainua mutwangio, akatuonyesha. "Na ukishika vile, kwa mwisho, utajivunja mukono. Kitu kizito kinashikwa hapa katikati. Unakiinua, kisha unakiacha. Uzito wake njo unafanya kazi. Weye kazi yako ni kuonyesha njia tu."

Nilitaka kujibu, unanijua. Ukanipiga teke chini ya meza. Nakushukuru kwa lile teke, ijapo mufupa unaniuma mpaka leo wakati ya mvua.

Ukasema bila kuinua macho kwa karatasi, "Na wewe mama, ni nani?"

"Nani, nani?"

"Yule mama mwenye amesema na Général pale kwa daraja. Adui amemusikia. Amegeuka, anamuangalia."

Mama yako akaangalia nyuma yake, kweli kweli, kama adui yuko kwa mulango. "Mimi ni mama wa kuuza sombe," akasema. "Nilikuwa napita."

"Mama wa kuuza sombe, adui anakuja. Général Radi amejivunja mukono, vile ulisema. Bunduki yake iko chini, mbele ya miguu yako. Unafanya nini?"

Mwipwa, mimi nimeona mambo mu maisha. Nimelala mu pori na chui, tukagawana blanketi. Lakini hofu kama ile ya kungojea mama yako ajibu, sijaiona. Kambale alikuwa ameshika kombo yake ya chai hewani. Mwalimu, mutu wa règlement, midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti, nafikiri alikuwa anasali rozari. Ju kama angerudi jikoni ile dakika, hatungemuona tena. Angekuwa hapa na sisi, akipika, akifagia, na hatungemuona tena.

Akauliza, "Iko na masasi?"

"Hapana, mama. Kwetu masasi iliisha. Ni muti na chuma tu."

Akapangusa mikono kwa kitenge. Upande huu, upande ule. Akakuja kwa meza. Hakukaa.

"Basi muniletee. Nitamutwanga."

Ukamupa dé yangu. Aliishika kama yai ya moto. Akaitupa. Ikaviringika, ikapita karibu na kombo ya Mwalimu, ikasitasita pale kwa ukingo wa meza. Moja.

Tuliiangalia tu. Mimi moyoni nikaanza kulaani eucalyptus, na mvua, na ile siku nilizaliwa.

Mama yako akauliza, "Moja ni muzuri?"

Na wewe ungeweza kumudanganya, Kahindo. Mimi ningemudanganya mbio. Ukamuambia ukweli, polepole: "Moja, mama, maana yake kitako kimepasuka. Bunduki imevunjika. Imekuwa kuni."

Akafikiri. "Yote?"

"Yote."

"Haitakuwa tena bunduki?"

"Haitakuwa tena."

Akaangalia pale chini, kwa daraja yenye haipo, kwa ile bunduki yenye haipo. Akasema, "Muikusanye basi. Nitapikia maharagi."

Na akacheka. Ilianza kama kikohozi, nikafikiri amenyongwa na kitu. Kisha ikatoka. Ile kicheko yake ya zamani, yenye baba yako alikuwa anasema inaweza kuamusha wafu na kubafukuza tena. Alicheka mpaka akakaa. Kambale akapiga meza, Mwalimu akasema "selon le règlement" na akashindwa kumaliza. Daraja tulilipoteza. Adui mwenye magamba alitufukuza mpaka bonde ya pili. Ni mara ya kwanza Général Radi anakimbia, na alikimbia akicheka, na mukono mumoja umevunjika, na kuni chini ya kwapa.

Kisha wewe mwenyewe uliona: kila siku ya Mungu Mama Sombe alikuwa wa kwanza kwa meza. Alikuja na maharagi, alikuja na maneno. Alinisahihisha hadithi zangu zote, moja moja, na kila mahali nilikuwa nimeweka chui, yeye aliweka paka. Siku moja alitaja jina ya baba yako, akasema vile alikuwa hajui kuimba, akaimba kama yeye. Tukacheka na machozi. Kisha ukarudi Kampala, tukaendelea sisi bane, Mwalimu anaendesha hadithi. Anaendesha kama mutihani, lakini tunamuvumilia.

Sasa nakuja kwa yenye hujui.

Aliniambia, "Yaya, narudi kwangu Beni. Kwa nyumba yangu." Nikakataa. Nilisema maneno mingi, hata ya kweli. Nikamuambia, kule hujui ya kesho. Akanijibu, "Na huku unaijua?" Nikamuambia, utafanya nini ukisikia zile kelele? Akaendelea kukunja kitenge chake.

Asubuhi ya kuondoka Kambale akakuja kumupeleka kwa parking ya gari. Amesukuma moto na mikono toka njia kubwa, kama kawaida yake. Tukafunga muzigo, muchele, viazi. Mutwangio mama yako akakataa ufungwe, aliushika mwenyewe. Kambale akaanza kusukuma tena moto kuelekea barabara.

"Kambale, washa," mama yako akasema.

"Mama, nitawasha kule mbele. Inakohoa, unaijua."

"Beni kote kuna moto za kukohoa. Ile ya kule nani atanisukumia? Washa hapa."

Kambale akaniangalia. Nikatikisa kichwa: hapana. Mama yako akasema, "Usimuangalie yeye. Niangalie mimi." Kambale akafanya alama ya musalaba, akapiga kick.

PA!

Nikueleze vizuri, ju kuna batu banasema vibaya hapa mu quartier. Ile dakika mimi niliona pneu, tairi ya nyuma, kama imepungukiwa hewa. Nikainama kuiangalia. Na ili kuangalia pneu vizuri, mutu anapashwa kulala tumbo, uso mu matope, mikono juu ya kichwa. Njo mécanique.

Nilipoinua jicho moja niliona miguu ya dada yangu. Ilikuwa pale pale. Inatetemeka kidogo, sitakudanganya, mutwangio umesimamishwa chini katikati yake, ameushika na mikono mbili, pale katikati kwenye uzito. Lakini ilikuwa imesimama. Moto ikakohoa tena, PA, na ile miguu ikakaa palepale.

Akainama, akanipatia mukono.

"Inuka, yaya," akasema. "Iko tupu."

Nikainuka. Akanipangusa matope kwa shati, kama mutoto.

"Na pneu?" akaniuliza.

"Pneu iko muzuri."

"Asante kuiangalia."

Akapanda. Kabla bafike kwa kona nilikuwa nimesikia ile kicheko, juu ya ule mulio wote wa moto.

Ile dé aliibeba. Aliniomba, nikamupa, nikamuambia kama inapenda moja. Akasema, "Najua. Kama nilitaka ya kweli, nisingekuomba weye." Juzi alinipigia: bamama ba jirani kule Beni banakuja kwake kutwanga, na wakati sombe inaiva banachunga daraja. Masasi iliisha kule pia, mu lupango yake. Bunduki zinavunjika, zinakuwa kuni, banapikia.

Mimi nilifundishwa mambo na dunia, na mengine niliifundisha mimi. Ila hii nimeipata kwako. Nilikupa meza, kweli, na dé. Siwezi kujifanya mudogo. Lakini dada yangu uliniletea weye, na hakuna kitu mu hii atelier naweza kuchonga kinatosha kurudisha. Ukikuja Noeli tutapitia kwake, tutakula. Kiti chako nimeshakifanya, cha libuyu, kina jina yako chini, fasi yenye Mwalimu hawezi kuona na kusahihisha.

Wasingya kutsibu, asante sana, mwana wa dada yangu. Ukae na Mungu, na usishike kitu kizito kwa mwisho.

Mujomba wako mwenye kukupenda,
Général Radi, na mukono umepona